Modemu ikigoma mpakani, mzigo hulala: Namba za makosa na maana yake kwa mfanyabiashara

LORI la nyanya halina subira. Hati zake zikikwama asubuhi kwenye kompyuta ya wakala wa forodha, kufikia jioni jua limeshafanya kazi yake juu ya turubai. Kesho yake mnunuzi wa upande wa pili anaanza kuchagua: tenga hili limelainika, hili limeoza, hili atalichukua kwa nusu ya bei. Hasara ya namna hii haitokani na ushuru wala vizuizi vya barabarani. Mara nyingi chanzo chake ni kifaa kidogo kama kidole, kilichochomekwa ubavuni mwa kompyuta.

Tangu mwaka 2014, Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki lilipoanza kutekelezwa, karatasi zimehamia kwenye mtandao. Ushuru wa bidhaa inayoshushwa Mombasa au Dar es Salaam kwenda Kampala au Kigali hulipwa katika nchi inakokwenda, wakati mzigo ungali bandarini. Uganda na Rwanda hupokea hati kwa mfumo wa ASYCUDA World, Kenya ina iCMS, na Tanzania ilijenga TANCIS. Hata mfanyabiashara mdogo anayevuka na bidhaa zisizozidi thamani ya Dola 2,000 za Marekani kwa cheti cha uasili kilichorahisishwa anahitaji simu yenye mtandao ili alipe, aulize bei na kuwasiliana na mteja wake.

Kwa hiyo mtandao ukigoma, mzigo hulala, na mzigo ukilala dereva hula, turnboi hula, na maegesho hulipiwa. Hata hivyo, makosa mengi yanayowasumbua watu huko mipakani yana majina, yana namba, na mengine huondoka ndani ya dakika tano bila fundi.

Modemu hupiga simu

Wanaokumbuka migahawa ya intaneti ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 wanaijua ile sauti ya kukwaruza iliyotangulia kila muunganisho. Kompyuta ilikuwa inapiga simu kwa waya wa mezani kwenda kwa kampuni inayotoa intaneti. Sauti ile ilikuwa modemu mbili zikisalimiana na kukubaliana kasi ya kuzungumza. Kasi ya juu kabisa ilikuwa kilobiti 56 kwa sekunde, na hiyo ilipatikana kwa nadra, kwa kuwa waya uliochakaa huipunguza.

Modemu ya kuchomeka kwenye tundu la USB, ile inayotiwa laini ya simu ya mkononi, haina kelele hiyo. Ndiyo maana wengi hudhani ni kitu tofauti kabisa. Lakini anayefungua mipangilio yake kwenye kompyuta ya Windows atakuta mahali palipoandikwa namba ya kupiga, na namba hiyo mara nyingi ni *99#. Kompyuta bado inapiga simu. Tofauti ni kwamba sasa inapiga kwa mnara badala ya waya. Kwa sababu hiyo namba za makosa zilizokuwa zikitokea katika mgahawa wa intaneti miaka 20 iliyopita ndizo zinazotokea leo katika ofisi ya wakala.

Soma namba kabla ya kuzima

Kosa la kwanza la watumiaji wengi ni kufunga kidirisha cha onyo bila kukisoma. Namba iliyomo humo ndiyo inayosema tatizo liko kwenye kifaa, kwenye laini, au kwa kampuni ya simu.

Namba 633 husema modemu inatumiwa na programu nyingine au haijawekwa sawasawa. Hutokea sana pale programu ya modemu ilipofunguliwa mara mbili, au modemu ilipochomolewa ghafla kisha ikarudishwa. Dawa yake ni kufunga programu zote zinazoitumia, kuichomoa, kusubiri kidogo, kuichomeka kwenye tundu jingine na ikibidi kuiwasha kompyuta upya. Modemu ichomekwe moja kwa moja kwenye kompyuta. Kigawanyio cha matundu mengi kisicho na umeme wake huinyima nguvu, nayo hukatika kila inapoanza kazi.

Namba 692 huelekeza kidole kwenye kifaa chenyewe. Kabla ya kununua kingine, modemu ijaribiwe kwenye kompyuta ya jirani. Ikifanya kazi huko, mgonjwa ni kompyuta au programu yake. Ikigoma huko pia, mgonjwa amejulikana.

Namba 680 ni ya wenye laini ya mezani: modemu haisikii mlio wa simu. Waya uangaliwe kama umechomekwa kwenye tundu la ukutani na si tundu la kuunganishia simu ya pili. Iangaliwe pia kama kuna mtu ameinua mkono wa simu chumba cha pili. Iwapo laini ina ujumbe wa sauti unaosubiri, mlio wake hubadilika na modemu ikashindwa kuutambua. Namba 676 ni nafuu zaidi: laini inayopigiwa inatumika, basi asubiri na kurudia.

Namba 678 humaanisha upande wa pili haukuitika. Kwa modemu ya laini ya mkononi, jambo la kwanza ni kuhakikisha namba ya kupiga imeandikwa sawa, kisha kuangalia kama mnara unaonekana. Namba 619 na 628 humaanisha mawasiliano yalianza yakakatika kabla ya kukamilika. Hapo huangaliwa nguvu ya mawimbi, salio, na kisanduku kilichoandikwa APN.

Kisanduku hicho ndicho huwachanganya wanaovuka mpaka. APN ni jina la lango ambalo laini hupitia kuingia intaneti, na kila kampuni ina lake. Mfanyabiashara wa Arusha akifika Namanga upande wa Kenya, akanunua laini ya huko na kuitia kwenye modemu ileile, modemu inaweza kuendelea kubisha hodi kwenye lango la kampuni ya Tanzania. Simu nyingi mpya hujirekebisha zenyewe, lakini modemu za zamani hazifanyi hivyo. Jina sahihi hupatikana bure kwa kupiga simu huduma kwa wateja ya kampuni iliyouza laini.

Namba 691 husema jina la mtumiaji au neno la siri limekataliwa. Herufi kubwa na ndogo ziangaliwe. Baadhi ya kampuni za simu huacha visanduku hivyo viwili wazi, na anayejaza kitu humo kwa kubahatisha hujifungia mlango mwenyewe. Namba 720 na 734 hutokea pale kompyuta na kampuni zinaposhindwa kukubaliana namna ya kuzungumza. Njia fupi ni kufuta muunganisho huo na kuuunda upya, badala ya kugeuzageuza mipangilio usiyoijua.

Lipo pia kosa lisilo na namba. Mtandao upo, kurasa nyingine zinafunguka, lakini tovuti ya mamlaka ya mapato au ya benki inaonya kuwa si salama. Kabla ya kulaumu serikali, iangaliwe saa ya kompyuta. Betri ndogo ya ndani ikifa, kompyuta hurudi miaka mingi nyuma kila inapozimwa. Tovuti salama huwa na cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini tuko mwaka 2010 itakikataa. Kuirekebisha tarehe mara nyingi hutosha.

Piga hesabu kabla ya kulaumu

Muunganisho ukisimama, malalamiko ya pili ni kasi. Hapa hesabu ndogo husaidia kuliko hasira. Kampuni hutaja kasi kwa biti, wakati faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Anayeambiwa ana megabiti 1 kwa sekunde atarajie kilobaiti kama 125 tu kwa sekunde, tena siku ikiwa njema.

Jambo la pili ni kwamba kutuma huwa polepole kuliko kupokea. Modemu ya waya iliyoweza kupokea kilobiti 56 kwa kawaida ilituma kilobiti 33.6 tu. Ankara na orodha ya bidhaa zilizopigwa picha zikawa na uzito wa megabaiti 10 zingechukua takriban dakika 40 kwa kasi hiyo, bila kukatika. Zikipunguzwa hadi megabaiti 1, dakika nne. Modemu ya USB inaposhuka kutoka 3G hadi 2G, na alama ya skrini ikageuka kuwa E au G, mtumiaji amerudi karibu na zama hizo.

Kwa hiyo dawa ya haraka ya kasi ndogo ni kupunguza mzigo. Hati ziskaniwe kwa rangi nyeusi na nyeupe, kwa nukta 150 au 200 kwa inchi, jambo linalotosha maandishi kusomeka. Picha ya simu ipunguzwe ukubwa kabla ya kutumwa. Hati tano zitumwe mojamoja, ili ya tatu ikikatika zisirudiwe zote.

Kisha waangaliwe wezi wa ndani. Kompyuta inayoonekana imetulia huenda inapakua masasisho ya Windows, programu ya kukinga virusi inajisasisha, na picha za simu zinapanda kuhifadhiwa mbali. Windows ina mpangilio wa kuiambia kompyuta kuwa muunganisho huu unalipiwa kwa kipimo. Ukiwashwa, mengi ya hayo husubiri. Ofisi inayogawa mtandao kwa simu za watu sita ihesabu pia kuwa kila simu ina programu zake zinazokula kimyakimya, na video moja ya kijana wa karani inatosha kuzuia hati ya lori.

Kifurushi chenyewe kikaguliwe. Vifurushi vingine vikifikia kiwango fulani haviishi, bali hupunguzwa kasi. Mtumiaji huona mtandao umekuwa mzito na kudhani mnara umeharibika, kumbe ametumia alichonunua.

Kontena la chuma na mnara wa jirani

Mipakani kuna matatizo ambayo mtu wa mjini hayajui. La kwanza ni jengo. Ofisi nyingi za mawakala, kuanzia Malaba hadi Tunduma, ni makontena ya chuma au vibanda vya mabati. Chuma huzuia mawimbi ya redio. Modemu iliyo katikati ya kontena lililofungwa inasikia mnara kama mtu aliyefunikwa sufuria. Waya wa kurefusha USB hugharimu kidogo, na ukiifikisha modemu dirishani au mlangoni tofauti huonekana papo hapo. Waya huo usizidi mita tano, kwani zaidi ya hapo kifaa huanza kukatika. Yule mwenye simu anayeigawia kompyuta mtandao anaweza kuiweka simu nje ya chuma, mahali penye usalama, naye akabaki ndani.

La pili ni mnara wa jirani. Mawimbi hayana pasipoti. Simu iliyo Busia upande wa Uganda inaweza kuona mnara wa Kenya una nguvu zaidi, ikahamia huko yenyewe. Huduma ya kutumia laini nje ya nchi, yaani romingi, ikiwa imewashwa kwa data, salio linaweza kuyeyuka huku mwenye simu akiwa hajavuka hata hatua moja. Ikiwa imezimwa, intaneti inakatika na mtu anabaki akijiuliza kifurushi chake kimekwenda wapi.

Dalili ni rahisi kuzisoma. Jina la kampuni juu ya skrini hubadilika, au alama ya R hutokea. Huko Rusumo na Gatuna ipo dalili nyingine: saa ya simu huruka. Rwanda na Burundi ziko saa moja nyuma ya Tanzania, Uganda na Kenya. Simu ikionyesha saa nne asubuhi wakati wenzake wanasema saa tano, imeshashika mnara wa upande wa pili. Mbali na kupoteza salio, mwenye kuitegemea saa hiyo anaweza kufika dirishani akakuta pamefungwa.

Tiba yake ni kuzima romingi ya data, kisha kuingia kwenye mipangilio ya mitandao na kuchagua kampuni kwa mkono badala ya kuiachia simu ijichagulie. Akishavuka kwa kweli, arudishe uchaguzi wa moja kwa moja, la sivyo simu itakuwa bubu.

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa Eneo Moja la Mtandao ili kushusha gharama za romingi. Mpango huo ulilenga kwanza simu za sauti. Kudhani kuwa bei nafuu ya kupiga simu inahusu pia intaneti ni kujitafutia hasara. Bei ya data iulizwe kwa kampuni husika kabla ya safari, na isipoeleweka, laini ya nchi mwenyeji ndiyo njia salama.

Mtandao ukikatika katikati ya malipo

Hatari kubwa kuliko zote haiko kwenye kasi. Iko kwenye ile dakika ambapo mtu amebonyeza kulipa au kutuma, kidude kinazunguka, kisha ujumbe unakuja kuwa muunganisho umekatika. Mkono unawasha kubonyeza tena. Hapo ndipo mtu hulipa mara mbili, au hupeleka hati mbili za mzigo mmoja.

Kukatika kwa muunganisho hakusemi kama agizo lilifika au halikufika. Kunasema tu kuwa jibu halikurudi. Huenda pesa imeshahama na kilichopotea ni risiti. Kwa hiyo utaratibu uwe mmoja siku zote: asirudie kabla ya kuhakiki. Kwa pesa za simu, aangalie salio na orodha ya miamala ya mwisho kupitia menyu ya nyota na reli, ambayo hufanya kazi hata bila intaneti. Kwa malipo ya serikali, namba ya kumbukumbu ya malipo, ambayo Tanzania wengi huiita kontroli namba, itumike kuuliza kama imeshalipiwa. Kwa hati ya forodha, wakala aingie upya kwenye mfumo na kutafuta katika orodha kama hati ile imepata namba ya usajili. Ikiwa imepata, kazi imekwisha. Ikiwa haimo, atume tena kwa moyo mkunjufu.

Katika shida hiyohiyo hujitokeza watu wa msaada. Kijana mwenye tabasamu anaomba simu aitengeneze mipangilio, kisha anataka namba ya siri ili ajaribu kama inafanya kazi. Hakuna kosa la modemu linalohitaji namba ya siri ya pesa. Wala mtandao wa bure usio na nenosiri katika nyumba ya wageni si mahali pa kufungulia akaunti ya benki.

Tatizo likiwa chini ya bahari

Yako mambo ambayo hakuna wa mpakani anayeweza kuyatengeneza. Hadi 2009 intaneti ya ukanda huu ilitegemea sana satelaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 angani, na kila ombi lilikwenda na kurudi njia hiyo yote. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, EASSy ukafuata 2010, na nchi zisizo na pwani zikaunganishwa kwa nyaya za nchi kavu kupitia Mombasa na Dar es Salaam.

Faida ilikuwa kubwa, lakini utegemezi nao ulikua. Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na watumiaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko wakakuta mtandao ni mzito au haupo kabisa. Siku kama hiyo kuichomoa na kuirudisha modemu ni kujichosha. Ishara yake ni kwamba laini za kampuni mbili tofauti zinazembea kwa pamoja, tena kwa kila mtu. Hapo busara ni kutuma hati nyepesi kwanza, kufanya kazi alfajiri au usiku watumiaji wanapopungua, na kumweleza mteja mapema badala ya kumwahidi saa isiyojulikana.

Maandalizi kabla ya safari

Wafanyabiashara wazoefu hawasubiri kufika mpakani ndipo watafute mawimbi. Hati huandaliwa na kupunguzwa uzito nyumbani, na nakala huwekwa kwenye flashi pamoja na karatasi mkononi. Laini mbili za kampuni tofauti hubebwa, moja ikiwa na kifurushi. Majina ya APN ya laini zote mbili huandikwa kwenye daftari, kwa sababu mtandao ukigoma hautakuwepo wa kuyatafutia. Modemu hujaribiwa kabla mzigo haujapakiwa.

Na tatizo likitokea, mambo manne yaandikwe: namba ya kosa, saa, mahali, na laini iliyotumika. Anayepiga simu huduma kwa wateja akasema mtandao wake ni mbovu ataambiwa azime awashe. Anayesema amepata 619 mara tatu kati ya saa nne na saa tano, akiwa Mutukula, mawimbi yakiwa kamili na kifurushi kipo, amempa fundi kazi ya kufanya. Maandishi hayohayo, pamoja na picha ya skrini, humsaidia kumweleza ofisa wa forodha au mwenye mzigo kwa nini hati ilichelewa, na kuonyesha kuwa saa zilizopotea hazikupotea kwa uzembe wake.